Boma Lililohama: Wilaya ya Langenburg na Asili ya Mkoa wa Songwe

Katika kijiji cha Ndolezi, wilayani Mbozi, kuna pande kubwa la chuma lililoanguka kutoka angani zamani za kale. Hicho ndicho Kimondo cha Mbozi. Sehemu yake kubwa ni chuma kilichochanganyika na nikeli, na uzito wake hukadiriwa kuwa zaidi ya tani 10. Tangu kilipotua hakijasogea hata hatua moja. Hata hivyo anwani yake imebadilika mara kadhaa. Katika enzi ya Wajerumani ardhi kilipolala ilikuwa ndani ya Wilaya ya Langenburg, ingawa habari za kimondo chenyewe zilifika kwa wataalamu wa nje mwaka 1930 tu. Chini ya Waingereza kilihesabiwa kuwa cha Wilaya ya Mbeya. Baada ya Uhuru kikawa cha Wilaya ya Mbozi katika Mkoa wa Mbeya. Tangu mwaka 2016 ni cha Mkoa wa Songwe.

Jina la kwanza kati ya hayo limesahauliwa kabisa. Mwanafunzi wa Vwawa au Tunduma akiulizwa Langenburg iko wapi, aghalabu atajibu kwamba ni mji wa Ujerumani. Jibu hilo si kosa, lakini halitoshi. Kwa muda wa zaidi ya miaka 20 Langenburg lilikuwa jina la boma na la wilaya iliyotawala karibu nchi yote iliyo kati ya Ziwa Nyasa na mpaka wa Tunduma. Boma lenyewe lilijengwa ufukoni mwa ziwa, likahamishwa mlimani, na hatimaye likapoteza hata jina. Kuifuata historia yake ni kujifunza kwa nini makao makuu huwekwa mahali fulani, kwa nini huhama, na nani hupata faida au hasara yanapohama.

Ziwa lililo kama mkono wa bahari

Ili kufahamu uchaguzi wa mahali pa boma la kwanza, yafaa kwanza kuitazama sura ya nchi. Upande wa kaskazini-mashariki wa Ziwa Nyasa, Milima ya Livingstone huinuka ghafula kutoka majini. Katika sehemu nyingi hakuna uwanda kati ya maji na mlima, bali ukanda mwembamba wa mchanga na mawe, na juu yake ukuta wa miamba unaopanda zaidi ya mita 1,000. Mtu anayetaka kwenda kijiji cha pili huona ni rahisi kupanda mtumbwi kuliko kupita nchi kavu.

Sura ya namna hii hupatikana pia Norway, nchi iliyo kaskazini mwa Ulaya. Huko mikono mirefu ya bahari huingia kati ya milima mirefu, na vijiji hukaa pembezoni mwake kama shanga katika uzi. Mkono mrefu kuliko yote nchini humo, uitwao Sognefjord, una urefu wa kilomita zaidi ya 200, na kina chake hupita mita 1,300.

Msomaji asidhani, hata hivyo, kwamba sura zinazofanana zina asili moja. Mabonde ya Norway yalichimbwa na barafu. Katika zama za baridi kali, mito mikubwa ya barafu iliteremka polepole kutoka milimani ikikwangua mwamba kama randa ikwanguavyo ubao. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikaingia katika mifereji iliyoachwa. Ziwa Nyasa halikuchimbwa na barafu. Limo katika Bonde la Ufa, mahali ambapo gamba la dunia linavutwa pande mbili na kupasuka. Kipande cha katikati kimedidimia, na kingo zimebaki juu zikawa milima. Uso wa ziwa uko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, lakini kina chake hufikia mita 700 hivi. Maana yake ni kwamba sakafu ya ziwa katika sehemu zake za kina iko zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari.

Kazi hiyo ya kupasuka haijakoma. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilitikiswa na tetemeko ambalo ukubwa wake umekadiriwa kuwa zaidi ya 7. Hilo ni mojawapo ya matetemeko makubwa kuliko yote yaliyopimwa katika Afrika ya Mashariki. Basi nchi ya Songwe imekaa juu ya mishono ya dunia: bonde la Rukwa kaskazini-magharibi, bonde la Nyasa kusini-mashariki, na nyanda za juu za Mbozi katikati.

Boma la meli

Mwaka 1893 Hermann von Wissmann, mtumishi wa serikali ya Ujerumani, alileta katika Ziwa Nyasa meli ya mvuke iliyopewa jina lake mwenyewe. Meli hiyo ilisafirishwa vipande vipande kwa njia ya mito Zambezi na Shire, kisha ikaunganishwa karibu na ziwa. Mahali palipochaguliwa kuwa kituo chake katika pwani ya Wajerumani palikuwa ghuba ya Lumbila, chini ya Milima ya Livingstone. Kituo kikaitwa Langenburg, kwa heshima ya mwana wa mfalme wa Hohenlohe-Langenburg, aliyekuwa kiongozi wa chama cha wakoloni huko Ujerumani.

Kwa macho ya mwanamaji uchaguzi ule ulikuwa na hekima yake. Ghuba iliilinda meli dhidi ya mawimbi, na kina cha maji kiliiwezesha kufika karibu na nchi kavu. Shehena kutoka Ulaya ilikuja kwa maji karibu njia nzima, isipokuwa mahali palipo na maporomoko ya Shire. Wakati huo barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Nyasa haikuwapo. Safari ya wapagazi ilichukua wiki nyingi. Kwa hiyo boma lilitazama ziwani na kuzipa mgongo nchi zilizokuwa nyuma ya milima.

Kwa macho ya raia hali ilikuwa tofauti kabisa. Watu wengi wa wilaya hawakukaa Lumbila. Wanyakyusa walikaa katika uwanda wenye rutuba kaskazini mwa ziwa na katika miteremko ya Rungwe. Wandali na Walambya walikaa katika milima na mabonde ya Ileje ya leo. Wanyiha walikaa katika nyanda za Mbozi, na Wanyamwanga na Wawanda magharibi zaidi, kuelekea Tunduma na bonde la Momba. Mwanafunzi akichukua rula na ramani atapata kwamba kutoka Vwawa hadi Lumbila, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 130. Lakini hakuna aliyepita mstari ulionyooka. Ilimbidi mtu kushuka zaidi ya mita 1,000 kutoka nyanda za juu, kuvuka mito, kuuzunguka upande wa kaskazini wa ziwa, na hatimaye kutafuta chombo cha kumfikisha chini ya ule ukuta wa mawe.

Umbali huo haukuwa jambo dogo. Mnamo Novemba 1897 serikali ya Wajerumani ilitangaza kodi ya nyumba. Tangu hapo boma halikuwa tu mahali pa bendera na askari, bali mahali pa kudaiwa, kuhukumiwa na kupelekwa kazini. Utawala ulioweza kuufikisha mkono wake Mbozi ili kukusanya kodi haukuwa karibu vivyo hivyo mtu wa Mbozi alipotaka kupeleka lalamiko lake.

Mpaka uliofuata maji

Kabla ya Langenburg kujengwa, mipaka ya wilaya hiyo upande wa kusini na magharibi ilikuwa imekwisha kuandikwa Ulaya. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 ulisema kwamba mpaka uanzie katika mlango wa Mto Songwe ziwani, upande na mto huo, kisha uende hadi kwenye ukingo wa bonde la Kongo, uufuate ukingo huo hadi nyuzi 32 za longitudo ya mashariki, na baadaye uelekee Mto Kalambo na Ziwa Tanganyika.

Maneno hayo yanahitaji maelezo kidogo ya jiografia. Bonde la mto ni eneo lote ambalo maji yake hatimaye hufika katika mto huo. Kati ya bonde moja na jingine kuna mgongo wa kugawa maji. Mvua ikinyesha juu ya mgongo huo, tone moja huenda huku na jirani yake huenda kule, wasikutane tena. Mji wa Tunduma umekaa karibu na mgongo wa namna hiyo. Kusini, katika Zambia, maji huelekea Mto Chambeshi, huingia katika mfumo wa Mto Kongo na kufika Bahari ya Atlantiki. Kaskazini, maji huteremka kuelekea Mto Momba na Ziwa Rukwa, ambalo halina mto wa kutokea. Maji yake huishia hewani kwa kugeuka mvuke. Mashariki, maji ya Songwe huingia Ziwa Nyasa, kisha hupita Shire na Zambezi hadi Bahari ya Hindi. Ni mahali pachache duniani ambapo safari ya siku moja kwa miguu humpitisha mtu katika mabonde matatu yenye mwisho tofauti hivyo.

Hapa msomaji aangalie jambo moja linalowachanganya wengi. Iko mito miwili yenye jina la Songwe. Mmoja ni huu wa mpakani unaoingia Ziwa Nyasa. Wa pili hupita magharibi ya mji wa Mbeya na kuingia Ziwa Rukwa. Katika kusoma ramani za zamani ni lazima kuangalia ni Songwe gani inayotajwa.

Waliotunga mkataba waliupenda mpaka wa maji kwa sababu uliweza kuelezwa kwa maneno machache na watu ambao hawakufika huko. Kamati ya wapimaji wa pande mbili ilipita mpakani mwaka 1898, na makubaliano juu ya kazi yao yalitiwa saini mwaka 1901. Lakini mgongo wa maji hauwatenganishi watu. Wanyamwanga wako Tunduma na wako Nakonde ng'ambo ya pili. Walambya wako Ileje na wako Chitipa katika Malawi. Tena mto wenyewe si alama inayotulia. Katika uwanda wa chini karibu na ziwa, Songwe hupinda-pinda, na mafuriko yanapokuja hukata njia mpya. Mkulima aliyelala akiwa na shamba upande mmoja wa mto huamka akilikuta ng'ambo. Kwa sababu hiyo Tanzania na Malawi zimeshirikiana katika mpango wa kuliendeleza bonde la Songwe, na mwaka 2017 zilitia saini mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde hilo.

Boma lapanda mlimani

Langenburg ya ufukoni haikudumu. Mahali pale palikuwa pembamba, penye joto na penye homa. Palikuwa mbali na watu wenye mashamba na ng'ombe. Na hapakuwa na nafasi ya mji kukua. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao makuu yalihamishiwa Tukuyu, katika miteremko ya Mlima Rungwe, kwenye hewa baridi na udongo wa volkano. Mji mpya uliitwa Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya, na kile kituo cha ziwani kikaitwa Langenburg ya Zamani.

Kuhama huko kulifuata njia iliyokwisha kukanyagwa na wengine. Wamisionari wa Moravian walikuwa wamefungua kituo chao Rungwe tangu 1891, na baadaye wakaenda magharibi hadi Mbozi, ambako zao la kahawa lilikuja kupata makao. Watu walikuwa juu, chakula kilikuwa juu, na sasa serikali nayo ikapanda juu. Kutoka Vwawa hadi Tukuyu ni kama kilomita 80 kwa mstari ulionyooka. Safari ya mtu wa Mbozi ilipungua karibu nusu, na haikuwa tena na haja ya chombo cha majini.

Vita Kuu ya Kwanza vilivunja utawala huo. Mwezi Agosti 1914 Waingereza waliishambulia ile meli ya Hermann von Wissmann ikiwa Liuli, na mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yakaiteka Neu-Langenburg. Nyanda kati ya Songwe na Tunduma zilikuwa njia ya majeshi, na wenyeji walichukuliwa kuwa wapagazi. Katika miezi ya mwisho ya vita, mwaka 1918, jeshi la von Lettow-Vorbeck lilipita tena katika nchi hiyo likielekea Rhodesia ya Kaskazini, na likaweka silaha chini Abercorn, yaani Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba. Waingereza waliutumia mji wa Tukuyu, lakini jina la Langenburg hawakuwa na sababu ya kulitunza. Wilaya ikaitwa Rungwe.

Dhahabu yauvuta mji

Sababu ya boma kuhama tena haikutoka majini wala katika mashamba, bali chini ya ardhi. Katika miaka ya 1920 dhahabu iligunduliwa katika bonde la Lupa, upande wa Chunya, na wachimbaji wakamiminika. Mji wa Mbeya ulianzishwa mwaka 1927 kuwa mlango wa machimbo hayo. Baadaye ukawa pia makao makuu ya Jimbo la Nyanda za Juu za Kusini. Nchi ya Mbozi, iliyokuwa imetazama ziwani na kisha Rungwe, sasa ilielekezwa Mbeya.

Wakati huohuo Waingereza walikuwa wameanzisha, kwa sheria ya mwaka 1926, utawala wa kutumia watemi na machifu. Kwa mwananchi wa kawaida serikali ilikuwa na ngazi mbili: chifu aliyekuwa karibu, na bwana shauri aliyekuwa mbali bomani. Mfumo wa machifu ulikomeshwa kisheria mwaka 1963, baada ya Uhuru. Katika miaka hiyo wilaya za zamani zilianza kugawanywa ili serikali iwasogelee wananchi. Mbozi ikawa wilaya kamili. Katikati ya miaka ya 1970 Ileje nayo ikawa wilaya, ikiwa na makao yake Itumba.

Halmashauri zilizokufa na kufufuka

Sehemu ya historia hii iliyo muhimu zaidi kwa somo la uraia ilitokea mwaka 1972. Katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na wananchi zilifutwa, na kazi zao zikakabidhiwa kwa maofisa wa serikali mikoani na wilayani. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuyatoa maamuzi Dar es Salaam na kuyapeleka karibu na vijiji. Lakini ofisa aliyetumwa na serikali kuu, hata akikaa karibu, huwajibika kwa yule aliyemtuma. Huduma za miji zilizorota upesi, na serikali za miji zikarudishwa mwaka 1978. Mwaka 1982 Bunge likatunga sheria za serikali za mitaa, na mwaka 1984 halmashauri za wilaya zikaanza kazi tena.

Ni vema hapa kuilinganisha Tanzania na ile Norway iliyotajwa. Huko serikali za mitaa zilianzishwa kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1838. Moja ya halmashauri zilizozaliwa wakati huo ni Leikanger, kando ya Sognefjord. Kwa kuwa watu walisafiri kwa mashua, maji yaliwaunganisha wale wa ng'ambo mbili. Katikati ya karne hiyo sehemu yake moja, Balestrand, ilijitenga ikawa halmashauri yake yenyewe. Zikaishi hivyo zaidi ya karne moja, kila moja na baraza lake, ingawa Leikanger mpaka mwisho ilikuwa na watu wapatao 2,000 na kitu tu. Barabara na magari yalipochukua nafasi ya mashua, maji yaliyokuwa njia yakageuka kizuizi, na shughuli zikahamia miji iliyokuwa kwenye barabara kuu. Tarehe 1 Januari 2020 Leikanger na Balestrand ziliunganishwa na Sogndal. Kile kilichotengana kikakutana tena, lakini chini ya jina la jirani.

Tofauti ya nchi hizi mbili ni dhahiri. Norway, yenye watu wachache na magari mengi, imekuwa ikiunganisha halmashauri. Tanzania, ambayo watu wake huongezeka upesi na wengi bado husafiri kwa miguu au kwa baiskeli, imekuwa ikizigawanya. Lakini kanuni iliyo nyuma ya mambo haya ni moja: makao makuu hufuata njia, na njia inapobadilika, mji uliokuwa katikati unaweza kujikuta pembeni. Langenburg ya Zamani ilikufa kwa kanuni hiyo, na Leikanger ilipoteza baraza lake kwa kanuni hiyohiyo.

Tunduma, binti wa njia

Hakuna mji unaoonyesha kanuni hii vizuri kuliko Tunduma. Njia ya kati ya maziwa mawili ni ya zamani hapo. Tangu mwaka 1881 kulikuwa na mpango wa kujenga barabara kutoka Ziwa Nyasa hadi Ziwa Tanganyika kwa fedha za mfanyabiashara wa Uskoti, James Stevenson. Barabara ile haikukamilika, lakini jina lake liliingia katika ramani, na mkataba wa 1890 ulihakikisha kwamba watu na bidhaa za pande zote mbili zingepita huru kati ya maziwa hayo.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya Rhodesia ya Kusini kujitangazia uhuru wa walowezi mwaka 1965. Zambia, isiyo na bahari, ilihitaji njia isiyopita katika nchi za makaburu na walowezi. Bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola lilianza kazi mwaka 1968. Barabara kuu ikajengwa kwa lami. Kisha, kwa msaada wa China, Reli ya Uhuru ikaanza kujengwa mwaka 1970. Reli ilifika Tunduma na kuingia Zambia mwaka 1973, na mwaka 1976 njia nzima ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa rasmi. Mgongo wa kugawa maji, uliochaguliwa na wakoloni kuwa mahali pa kutenganisha, ukawa mahali pa kupitia. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa mwaka 2019, ni tunda la historia hiyo.

Tunduma imekua kutoka kituo kidogo cha mpakani hadi kuwa mji wenye halmashauri yake. Hata hivyo, Mkoa wa Songwe ulipoundwa mwaka 2016 kutokana na sehemu ya magharibi ya Mkoa wa Mbeya, makao makuu hayakuwekwa Tunduma, bali Vwawa, wilayani Mbozi. Mji wa mpakani na mji wa utawala vikabaki viwili, vikitenganishwa na mwendo mfupi wa barabara hiyohiyo kuu.

Mkoa huo una wilaya za Mbozi, Ileje, Momba na Songwe, pamoja na Halmashauri ya Mji wa Tunduma. Kwa sensa ya 2022 ulikuwa na watu zaidi ya milioni 1.3. Kwa mkazi wa Mbozi, safari iliyoanza kwa kilomita 130 na mtumbwi, ikapungua kuwa 80, kisha 60 hivi hadi Mbeya, sasa imefika mlangoni kwake. Kwa wengine hesabu haijawa nyepesi hivyo. Barabara kuu ya Mkwajuni, makao ya Wilaya ya Songwe, hutokea Mbalizi, ambako ni Mkoa wa Mbeya. Watu wa bonde la Momba wametenganishwa na nyanda za juu na miteremko mikali. Kazi zilizofanywa karibuni zinaonyesha kwamba tatizo hili linafahamika: barabara ya Mpemba hadi Isongole imewekwa lami kuelekea mpaka wa Malawi, na daraja la Mto Momba huko Kamsamba, lililokamilika mwaka 2019, limeuunganisha mkoa na Rukwa. Kuchora mstari wa mkoa katika ramani ni kazi ya siku moja. Kuufanya mkoa uwe mmoja kwa miguu na magurudumu ni kazi ya miaka.

Kinachopotea boma linapohama

Kila boma lilipohama, liliacha kitu nyuma na kubeba kitu. Kilichobebwa ni majalada: orodha za kodi, hukumu, ramani na barua. Ndiyo sababu karatasi zinazohusu Mbozi ya mwaka 1905 hazimo Vwawa. Baadhi zimo katika kumbukumbu za Wajerumani zilizohifadhiwa Dar es Salaam, katika Nyaraka za Taifa, pamoja na vitabu vya wilaya vilivyoandikwa na Waingereza. Mtu anayezitafuta kwa jina la Songwe hatazipata. Hana budi kuzitafuta kwa majina yaliyokufa: Langenburg, Rungwe, Mbeya.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mabishano ya mpaka wa kijiji, ya haki ya shamba kando ya mto unaohama, au ya mahali ilipokuwa njia ya zamani, mara nyingi hutegemea karatasi iliyoandikwa chini ya jina ambalo hakuna anayelikumbuka tena. Jamii isiyojua majina ya wilaya zake za zamani imepoteza ufunguo wa sanduku lake yenyewe.

Hapa walimu wa historia na jiografia wanaweza kuwasaidia wanafunzi wao kufanya uchunguzi wa kweli bila gharama kubwa. Kwanza, wanafunzi wachore ramani moja ya mkoa na kutia alama ya makao manne, yaani Lumbila, Tukuyu, Mbeya na Vwawa, kisha wapime umbali kutoka kijiji chao hadi kila moja. Pili, wauchore mgongo wa kugawa maji na kuonyesha maji ya kijito cha shule yao yanaishia bahari gani, au kama yanaishia Rukwa. Tatu, wawaulize wazee: stakabadhi ya kodi ya babu ilitolewa wapi, kesi zilisikilizwa wapi, na watu walipita njia gani kwenda huko. Majibu yaandikwe pamoja na mwaka na mahali, na kama mzee ana karatasi ya zamani, jina la wilaya lililopigwa juu yake linakiliwe kama lilivyo.

Shule kumi zikifanya hivyo kutoka Ileje hadi Kamsamba, mkoa utakuwa na ramani ya historia yake ambayo hakuna boma lililowahi kuwa nayo: ramani iliyochorwa kutoka upande wa wale waliokuwa wakitembea.